Viatu vya Mugeni

Mji mzima ulimwita Mugeni, naye alikuwa mtu wa hapa kuliko wengi wetu. Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Maswali hayo yameulizwa sana Kisangani, na kila yanapoulizwa kwa nguvu kuna mtu ambaye haonekani tena, kwa hiyo upande huo mimi mdomo wangu nimeufunga. Jina la Mugeni alilipata kwenye televisheni. Kila Jumapili jioni aliigiza mtu aliyetoka nchi nyingine akaja kufungua duka kwetu, na aliigiza vizuri mno mpaka watu wakasahau jina alilopewa na mama yake.

Mimi nilikuwa nashona nguo za maigizo yale. Cherehani nilifundishwa na Fundi, jirani yetu, mzee wa Kiislamu aliyekuwa anashona barazani kwake, kama baba yake alivyoshona pale pale. Fundi ndiye aliyenipeleka kwa kundi la maigizo siku walipotafuta mtu wa kupunguza koti. Nikabaki nao miaka na miaka. Mugeni nimemjua akiwa na furaha, akiwa na hasira, akiwa amelewa kidogo, na akiwa na aibu. Zaidi nimemjua akiwa na aibu, na hiyo ndiyo nataka kuieleza, ingawa mwanzo wake unachekesha na sisi wote tulicheka.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa ambayo mpiga picha alikuwa anayalalamikia kila mara. Hata jua likiwaka namna gani, alivaa koti. Chai alikunywa ikiwa imepoa kabisa, na mkate aliutoa nyama ya ndani akala ganda tu, akisema nyama ya mkate ni ya watu wasio na meno. Alikuwa mwoga wa mbwa. Mtu mwenye uso uliojulikana mpaka Masako huko porini, akiona kambwa kadogo kanalala njiani alizunguka barabara nzima. Tukimcheka, alisema, "Chekeni. Ile mbwa haikuangaliaka télé, haijue mimi ni nani."

Sokoni watoto walimfuata wakipiga kelele, "Mugeni, kwenu ni wapi?" Naye alisimama, akavuta koti, akajibu kwa ile sauti ya Jumapili, "Kwetu? Hata mimi niko natafuta!" Wauzaji waliacha kupima mchele wakacheka. Hakuchoka kujibu. Niliwahi kumwambia awapuuze, akanitazama kama nimemtukana. Alisema mtu aliyeacha kazi yake akaja kukaa mbele ya sanduku la picha akutazame, huyo una deni naye.

Kazi yenyewe ilikuwa ya haraka. Karatasi za kusoma hazikuwako. Asubuhi tulikaa kwenye mkeka, tukapatana hadithi: leo Mugeni anaposa msichana wa hapa, baba mkwe anakataa, mwisho wanapatana. Kisha kila mtu alitafuta maneno yake mwenyewe mbele ya kamera. Hakukuwa na kurudia, kwa sababu betri ya kamera ilikuwa nzee. "Bon, tuanze, batterie iko inakufa," alisema Mugeni kila mara, hata siku betri ilipokuwa mpya. Siku moja alisema hivyo kanisani, kwenye ndoa ya mpiga picha, padri alipochelewa kuanza.

Na alikuwa na mafundisho yake. Alituambia kila mtu wa kwenye televisheni anahitaji alama moja, kitu kidogo anachofanya kwa mikono au miguu, watazamaji wakikiona tu wajue ni nani. "Alama moja tu. Ukimupa mbili, batu banachanganyikiwa." Mlevi wetu alikuwa anafunga kamba za viatu zisizokuwapo. Mama mkwe alikuwa anapangusa kiti kabla ya kukaa, hata kiti cha nyumbani kwake. Yeye mwenyewe alihangaika muda mrefu kutafuta alama ya Mugeni. Sauti peke yake haikumtosha.

Akaipata siku niliyokuwa nampima koti. Alisimama mbele ya mlango wa studio, akavua viatu, akainama, akavigeuza kwa vidole viwili hata ncha zikatazama barabarani. Kisha akaingia ndani miguu mitupu, taratibu, kama mtu anayeingia kwa watu.

"Umeona?" aliniuliza. "Mutu anafika, viatu yake iko tayari kwa kurudi. Anasema anapenda inchi yetu, lakini viatu inasema ingine."

Nilipiga makofi. Mama yangu wee, kilikuwa kitu kizuri! Nilimuuliza ameitoa wapi, akasema ameitoa kwa mama yake. Mama yake alikuwa wa zile familia za Kiislamu za zamani, na kila jioni alipanga viatu vya nyumba nzima vikitazama mlango, ili mwenye kuamka kwenda sala ya alfajiri atie miguu gizani bila kupapasa. Viatu vya wageni pia alivigeuza, kwa heshima, ili mgeni akiaga asiinamie viatu vyake. "Sasa nimemutia mama kwa télé," alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Nikakumbuka kwamba hata kwa Fundi ilikuwa hivyo hivyo. Nyuma ya mlango wake, ndani, viatu vilikaa mstari mmoja vikitazama nje, nami nilikuwa nimevipita miaka yote.

Alama ile ilishika mji. Jumapili ya kwanza kicheko kilisikika kutoka lupango hadi lupango, katika kila ua wenye televisheni dirishani na watu wamejaa chini. Baada ya mwezi likawa neno la mtaani. Mfanyakazi akiangalia saa, wenzake walimwambia, "Viatu yako iko tayari." Mwanamume akianza kumchoka mke, majirani walisema viatu vyake viko tayari. Hata mimi nilimwambia hivyo mchumba wangu mmoja, na kweli, viatu vyake vilikuwa tayari.

Lakini msidhani alikuwa anachekesha tu. Kulikuwa na Jumapili moja ambapo Mugeni anapata habari, mama yake amekufa kule kwao, na mpaka umefungwa, hawezi kwenda kumzika. Alikaa kwenye gunia la chumvi dukani, akachukua viatu vyake akavitazama, hakusema kitu. Betri ikaliwa na ule ukimya mpaka mpiga picha akaanza kutokwa na jasho. Mji mzima ulilia. Kesho yake sokoni mama mmoja anayeuza samaki alimfungia liboke mbili, samaki wa kuokwa ndani ya majani, akamshika mikono, akamwambia, "Pole Papa. Mama ni mama, hata ya inje." Mugeni hakujua acheke au alie, akachukua samaki, akashukuru kwa ile sauti ya Jumapili. Na mama yule yule, siku mbaya zilipofika, nilimsikia kwa masikio yangu akisema wageni wote watolewe ndani ya mji. Nilimkumbusha liboke. Akaniambia, "Ile ilikuwa ya télé."

Mugeni alikuwa na upendo wa ajabu kwa nchi hii. Uhuru ulimkuta kijana, na nyimbo za taifa alizijua zote, ya mwanzo, ya Zaire, na ile ya kwanza tena iliporudishwa. Shida ni kwamba zilimchanganyika. Siku moja, mbele ya wakubwa, aliombwa aongoze wimbo kabla ya maigizo, akaanza na Kongo akamalizia na Zaire. Wakubwa walikunja nyuso. Yeye akafuta jasho akasema, "Mupatane kwanza nyinyi, mimi nitaimba." Walidhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake na balaa yake. Kila alichosema, watu walidhani ni mchezo.

Watu wengi wa hapa, wale waliomjua miaka ya mwisho tu, wanamkumbuka kwa ukosefu wa adabu. Wanasema aliingia nyumbani kwa watu na viatu, akakanyaga mikeka, hata pale ambapo mwenye nyumba mwenyewe alikuwa miguu mitupu. Ni kweli. Alikaa kiti cha karibu na mlango, akaviingiza viatu chini ya kiti, na ukimwambia avue alisema miguu inamuuma. Miguu haikumuuma. Naeleza sasa.

Uasi ulianzia mashariki, na kabla haujafika kwetu zilifika habari zake. Redio ilianza kusema kwamba maadui wako kati yetu, tuwatafute ndani ya malupango. Eh, na sisi tunajua kutafuta! Vijana wa mtaa walichukua fimbo na nondo wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wageni wenyewe, wale waliotoka kweli kule milimani zamani kufuata biashara, wengi walikuwa wamekwisha kujificha. Waliobaki walizungumza kama sisi, walikula pondu, majani ya muhogo, kama sisi, watoto wao walikuwa wa hapa. Vijana wangewajua kwa kitu gani? Basi wakatazama viatu.

Nilikuwa kwenye cherehani, barazani kwa Fundi, ambako bado nilishona siku zisizo za maigizo, walipoingia. Viatu vya nyumba ile havikuwa tena nyuma ya mlango. Tangu wakati fulani Fundi alikuwa ameanza kuvipanga nje, barazani, safi, vimepakwa rangi, ncha zote barabarani. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Kijana aliyetangulia alikuwa mteja wetu, suruali aliyovaa niliikunja mimi. Alinyoosha fimbo kwenye viatu akawaita wenzake.

"Muone! Ni vile vile! Tayari kwa kurudi!"

Fundi alisimama na futi ya kupimia shingoni. "Mwanangu, mimi ni mutu wa hapa. Baba yangu alishonaka nguo ya babu yako."

"Tuliona kwa télé, Papa," kijana alimjibu, na hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na uhakika tu. Wakamchukua, futi bado shingoni.

Nilikimbia kwa Mugeni. Nilimkuta anakunywa chai yake baridi. Nilipomweleza alivaa koti. Tulipanda toleka mbili, baiskeli za abiria, mpaka lile ghala la zamani la kahawa ambako walikuwa wanawaweka watu. Njia nzima nilimsikia nyuma yangu akimwambia mwendeshaji, "Kanyaga, mwana, kanyaga."

Vijana mlangoni walipomwona walipiga vigelegele. Naapa, vigelegele. "Mugeni! Mugeni mwenyewe amefika!" Walimletea kiti. Yeye alibaki amesimama akaanza kuwaeleza: ile ya viatu ni maigizo, aliitunga yeye, ni desturi ya mama yake, familia za Kiislamu za hapa hapa zinafanya hivyo kwa ajili ya sala, Fundi ni mtu wa mji huu. Alisema polepole, kwa sauti yake ya kweli. Na kadiri alivyosema wao walicheka zaidi. Alipofika kwenye neno "mama yangu", mmoja alijipiga mapajani, akasema, "Sikieni, anaanza kulia sasa!" Akapaza sauti kwamba hafanyi mchezo. Wakarudia maneno hayo kwa kumwigiza.

Mkubwa wao akasema, "Papa, tunamutafuta mutu wako, lakini tufanyie kwanza."

Mugeni alinitazama. Nilitazama chini. Ndani ya ghala watu walikuwa wameketi sakafuni, wengi, wanaume na mama mmoja mwenye mtoto, na Fundi alikuwa kati yao, jicho limevimba. Mugeni akasogea mpaka kizingitini. Akavua viatu. Akainama, akavigeuza kwa vidole viwili, ncha barabarani, akaingia miguu mitupu, taratibu, akavuta koti, akasema, "Kwetu? Hata mimi niko natafuta!"

Sijawahi kumwona akiigiza vizuri namna ile, na hilo linanichoma mpaka leo. Walicheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Akafanya ya posa, akafanya ya baba mkwe. Waliokaa sakafuni walikuwa wanamtazama, hakuna aliyecheka. Fundi alitazama ukuta.

"Chukua mutu wako," mkubwa alisema akifuta machozi. "Moja tu."

Akamchukua mmoja. Alinyoosha kidole, Fundi akainuka, na wale wengine wakamtazama Mugeni wakidhani labda kidole kitasogea. Mama mwenye mtoto aliinuka nusu. Hakikusogea. Tulitoka sote watatu, wao wakibaki ndani, na sijui habari zao, sitaki kusema uongo, sikuuliza. Njiani Fundi alitembea mbele peke yake. Mugeni alimwita, "Fundi, ndugu yangu." Fundi hakugeuka. Wiki ile ile alihamisha mke, watoto na cherehani ng'ambo ya mto, Lubunga, akaniachia baraza tupu.

Tangu siku hiyo Mugeni hakuigiza tena. Waasi walipoushika mji nao walitaka maigizo, wakatuma mtu, akasema goti linamuuma. Vita ilipokwisha, kundi lilimwomba, akasema hilo hilo goti. Akipita dirisha lenye televisheni alivuka upande wa pili, hata kama huko kulikuwa na mbwa. Alitaka kitu kimoja tu, na aliniambia waziwazi: aingie nyumbani kwa Fundi, Fundi amwambie kaa. Basi. Mara nyingi alishuka mpaka kivukoni akiwa amevaa koti, akatazama mitumbwi ikijaa na kuondoka, akarudi nyumbani. Nilimwambia, "Papa, vuka." Alijibu, "Nikifika kwa mulango yake, viatu nitaweka namna gani?" Ndiyo maana alikuwa anaingia kwa watu na viatu. Hakujua tena namna ya kuvivua.

Kisha Fundi akafa. Nilikwenda mwenyewe kumwambia, na safari hii nilimshika mkono nikamwingiza mtumbwini, amekwisha kuwa mzee, mwepesi. Huko Lubunga nyumba ya matanga ilijaa watu. Mbele ya mlango viatu vilikuwa ovyo, kimoja juu ya kingine, vingine vimepinduka, kandambili za watoto zimechanganyika na viatu vya wazee. Katika nyumba ile hakuna aliyevipanga tangu walipohama. Mugeni alivitazama muda mrefu. Akavua vyake, akaingia navyo mkononi, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango, viatu magotini juu ya koti, mbele ya watu wote. Kijana mmoja alimtambua akaanza kutabasamu. Nilimkazia macho akaacha.

Mjane wa Fundi alikuja akaketi mbele yake. Nilidhani atamfukuza, na nadhani Mugeni angependa afukuzwe.

"Papa, ulikawia," alisema.

"Nilikuwa na aibu, Mama."

"Hata yeye alikuwa nayo." Alinyoosha kitambaa chake. "Unajua, ile Jumapili ya kwanza, ile ya viatu, yeye njo alicheka kupita wote. Alituita sisi wote: kujeni, kujeni muone, sisi tuko kwa télé! Alifurahi, Papa. Miaka yote hakuna mutu alituonyeshaka. Zamani tulikuwa tunaweka viatu ndani, nyuma ya mulango. Kesho yake akasema hapana, tuviweke inje, batu bapite baone ni kwa nani ile kitu ilitoka. Alikuwa anavipaka rangi yeye mwenyewe."

Hakuyasema kwa kumshtaki. Alikuwa anamkumbuka mume wake, basi. Mugeni alifungua mdomo, midomo ikacheza, hakuna sauti iliyotoka, wala ya Jumapili wala ya kweli. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Nililiona lile baraza, vile viatu vinavyong'aa, nami nimekaa karibu navyo miezi yote nikishona, sijauliza.

Mjane alivitoa viatu magotini mwa Mugeni, kwa upole, kama unavyomtoa mtoto aliyelala. Akaenda mlangoni, akasogeza vya wengine pembeni, akaviweka chini, ncha zikitazama nje. "Namna ya kwetu," alisema. "Kaa, Papa."

Alikaa mpaka dua ikaisha. Tulipoaga alitangulia, akasimama penye viatu vyake. Vilikuwa tayari, kazi yake ilikuwa kutia miguu tu. Akainama, kwa shida, akishika mlango. Kwa vidole viwili akavigeuza, ncha zikatazama ndani ya nyumba ya Fundi. Halafu akavivuka, akashika njia ya kivukoni, miguu mitupu ndani ya tope.

"Papa!" mjane aliita nyuma yetu. "Umesahau viatu!"

"Sijasahau, Mama," alisema, na hakusimama.